Afande Akianza Kusalimia

Watu wakisikia mimi ni askari polisi, swali la kwanza huwa ni kama nimewahi kumpiga mtu risasi. Sijawahi. Bunduki nimeibeba sana kwenye mafunzo na kwenye lindo la benki, na kila mara niliirudisha ghalani bila kuitumia. Kazi iliyonimaliza haina bunduki. Ni kazi ya kwenda nyumbani kwa mtu, kukaa kwenye kiti chake, na kumwambia kwamba mwanawe amekufa.

Kazi hiyo hatukufundishwa chuoni. Tulifundishwa kwata, kukamata, kuandika maelezo ya mlalamikaji, kusimama mahakamani bila kutetemeka sauti. Sikumbuki mkufunzi hata mmoja aliyesema, siku moja mtabisha hodi kwa mama anayepika, na hivi ndivyo mtakavyoanza. Mimi niliipata kwa sababu moja tu, kwamba nazungumza Kinyakyusa.

Kwa kawaida askari hapangiwi karibu na kwao. Nami nilikaa miaka mingi mikoa ya mbali, nikazoea joto na samaki, nikajiona nimeshakuwa mtu wa huko. Halafu baba akafariki, mama akabaki kijijini kwetu Kisondela na migomba yake, miparachichi michache, ng'ombe mmoja wa maziwa, na presha. Kaka yangu ni dereva wa lori, anapakia ndizi na maparachichi kwenda Dar es Salaam. Mdogo wetu wa kiume ni fundi ujenzi Mbeya mjini. Nani angekuwa anamkumbusha mama kumeza vidonge? Nikaomba uhamisho. Niliomba nikachoka, nikabembeleza wakubwa ambao sasa hata sura zao nimezisahau, mpaka nikapangiwa Tukuyu, mji wa jirani na kwetu. Mama alichinja jogoo. Alikuwa akiwaambia wenzake kanisani, binti yangu amerudishwa, kana kwamba nilikuwa nimeibwa.

Nilipangiwa dawati la jinsia na watoto, kazi ninayoiweza na ninayoipenda. Sikukaa hata nikazoea kiti. Wiki moja ya mvua, lori lilikatika breki kwenye mteremko wa barabara kuu na kumuua kijana wa bodaboda aliyekuwa anatoka kupeleka abiria. Mkuu wa kituo aliniita ofisini. Ni mtu wa Kanda ya Ziwa, mnene, mpole, ana sauti ya padri anayeungamisha.

"Koplo," aliniambia, "wewe ni mtoto wa hapa. Kijana ni wa Kinyala. Nenda kaongee na wazazi kabla picha hazijafika."

Alikuwa na haki ya kuhofia picha. Siku hizi ajali ikitokea, mtu anatoa simu kabla hajatoa mkono wa kumvuta majeruhi. Tunafika tunakuta duara la watu wameinua simu juu, na mimi huwa nawasukuma kwa hasira ambayo si ya kazini. Mama mmoja alimjua mwanawe kwa soksi, kwenye simu ya jirani. Kwa hiyo nilikwenda Kinyala haraka, dereva wetu akiendesha, na njiani nikawa najiuliza nitasema nini. Nikaamua nitafanya kama nilivyoona watu wazima wakifanya nilipokuwa mdogo.

Kwetu habari ya kifo haitupwi mlangoni. Unaanza kwa jirani. Unamnong'oneza, naye hapigi kelele wala hakuulizi mara mbili. Anaita wanawake wawili watatu wenye nguvu za kumshika mtu, na mwanaume wa ukoo kama yupo karibu. Ndipo unaingia kwa mwenye msiba. Unasalimia. Salamu zetu ni ndefu, wageni wanatucheka nazo: mmelalaje, watoto wamelalaje, ng'ombe je, huko mlikotoka mvua inanyesha? Unakaa. Ukipewa kitu unapokea. Wakati huo wale wanawake wanaingia mmoja mmoja kama waliokuja kuomba moto, wanakaa karibu naye. Ukiona wamemzunguka, unasema.

Mama wa yule kijana alinipa ndizi za kuchemsha na maziwa ya mgando. Nilikula vipande viwili huku nikijua. Nilipomwambia, hakuanguka, maana kulikuwa na mikono sita ya kumdaka. Baba yake alinisindikiza mpaka barabarani, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Ndaga fijo, mwana gwangu. Umetuheshimu." Ndaga fijo ni asante sana. Mtu amefiwa, ananishukuru. Nilipofika kwenye gari nilitapika zile ndizi nyuma ya tairi, dereva akageuza uso akajifanya anakagua taa.

Nafikiri ile asante ndiyo iliyonifunga. Wazee walipiga simu kituoni kunisifu. Mkuu alinisifu kwenye paredi ya asubuhi mbele ya wote, wenzangu wakapiga makofi, na tangu hapo ikawa hakuna mjadala. Ajali ikitokea, koplo. Mtu amejinyonga shambani na ndugu zake wako bonde la pili, koplo. Mzee amefia mahabusu ya wilaya nyingine, simu imekuja, koplo yuko wapi? Pale kituoni wakaanza kunitania kwamba mimi ndiyo taarifa ya habari. Nilicheka nao. Nina mdomo, wanaonijua wanajua, sikuwaacha waseme peke yao.

Kitu ambacho sikukitegemea ni kwamba watu wangejifunza. Vijiji vyetu vinaongea. Haikuchukua muda wakawa wanajua kila hatua: gari linaachwa chini kwenye mashamba ya chai, afande anapanda kwa miguu, anaingia kwa jirani, halafu anakuja anasalimia sana. Nikawa nikipita tu barabarani, mama anatoka uani anasimama ananihesabia hatua, akiona nimeipita nyumba yake anakaa chini palepale kwenye majani. Watoto waliacha kunikimbilia. Sokoni Tukuyu nilisimama kwa muuza ndizi, mama ninayemfahamu tangu utoto, nikamsalimia nikamuuliza hali ya nyumbani. Akaacha kupanga mikungu yake.

"Afande, sema tu," alisema.

"Nisemeje? Nataka ndizi, shangazi."

Alinitazama mpaka nikaona aibu. Kisha akachukua mkungu mzima akausukuma kwangu kwa mguu. "Chukua. Nenda nao, usilipe. Nenda tu."

Niliuacha pale pale. Nilirudi kota nikakaa kitandani na sare yangu, na hasira, na sikuwa na mtu wa kumkasirikia. Yule mama ana watoto wa kiume watatu, wote bodaboda.

Nikaanza kubadilika. Nilikuwa nalala nikiwa nimeuma meno, asubuhi taya zinauma kama nimetafuna miwa. Siku moja alikuja dawatini mwanamke ambaye mumewe amechoma moto nguo zake zote. Anaeleza, analia, na mimi nikasikia mdomo wangu unamuuliza, "Lakini si yupo hai?" Alimchukua mtoto wake akaondoka taratibu. Mwenzangu wa dawati ilibidi amfuate mpaka stendi kumbembeleza arudi.

Wakubwa hawakuwa vipofu. Alikuja mtaalamu kutoka mkoani na projekta, akatukusanya bwaloni kutufundisha msongo wa mawazo kazini. Alikuwa kijana msafi, ana nia njema. Alisema tunywe maji mengi, tufanye mazoezi, tupumue kwa kina, tuzungumze na mtu tunayemwamini. Umeme ukakatika katikati ya somo, tukanywa soda, tukapigwa picha. Kupumua nilijaribu, sitaki kusema uongo. Nilijaribu kwenye jiko la bibi mmoja nilipokuwa nasubiri wanawake waingie. Nilivuta moshi mpaka nikapaliwa, bibi wa watu akanipiga mgongoni akinipa pole, na mimi ndiye niliyekuwa nimemletea habari ya mjukuu wake.

Nilijaribu pia kuibadili njia yenyewe. Nilijiambia kwamba kama salamu ndizo zinazowatisha watu, nitaziacha, ili zibaki kuwa salamu. Kijijini Matwebe nilimkuta mzee analima viazi peke yake. Sikwenda kwa jirani. Nilisimama kwenye tuta nikamwambia moja kwa moja, kwa heshima, kwamba mkewe amefariki hospitali baada ya ajali ya gari la abiria. Aliendelea kulima. Alilima mpaka mwisho wa tuta, akageuka akaanza lingine, na mimi namfuata nikimwomba aache jembe, hakuna mwingine karibu wa kunisaidia. Jioni ile mwenyekiti wa kijiji alimpigia simu mkuu wangu, akamwuliza kwa nini wametumiwa mtoto asiye na adabu. Nikarudi kwenye salamu.

Basi nikaenda kwa mkuu. Nilivaa vizuri, nikapiga saluti, nikamwambia, "Afande, naomba kazi ya kupeleka taarifa za vifo apewe mwingine. Nimechoka."

Hakukasirika. Aliagiza chai, akaniambia nikae.

"Nani?" aliuliza. "Nitajie, nimpe leo."

Nikawapitia wenzangu kichwani. Wengi wanatoka mikoa mingine, wazee wa vijijini wanawasikia nusu. Kuna askari mmoja, kijana mpya, alishawahi kumwambia baba wa watu kwa simu, iko spika, watoto wanasikiliza. Dereva ni Msambaa, lugha hana, na moyo hana, mwenyewe anasema.

"Unaona?" mkuu alisema. "Halafu fikiri mbele. Nikipeleka juu kwamba koplo amechoka, hawatasema apewe kazi nyepesi. Watasema hapa hapamfai, ahamishwe akapumzike pengine. Utapangiwa Kigoma. Utapangiwa Lindi. Mama utamwacha na nani?"

Alisema hivyo kwa huruma, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana mtu mbaya ningemjibu. Nilimaliza chai. Nilisema, "Ndiyo afande," nikatoka.

Mama alikuwa ameshazisikia habari zangu. Kanisani mwanamke mmoja alimwambia, wewe mwanao akipita barabarani sisi tunahesabu watoto wetu. Mama alinicheka aliponisimulia, lakini niliona anavyonitazama usoni kila nikiingia, kabla hata sijavua viatu, na jinsi mabega yanavyomshuka nikimwambia kaka yuko salama na mdogo yuko salama. Ana watoto wawili wengine, na mmoja analala barabarani. Kliniki ya presha muuguzi alikuwa ameniambia mbele yake kwamba vidonge ni nusu ya dawa, nusu nyingine asishtuliwe. Kishindo kimoja kinatosha, alisema.

Nikakaa naye tukapanga. Sitakuja na sare hata siku moja. Nitapiga simu kwanza, nimwambie nakuja na nakuja kwa nini. Na nitapita njia ya juu, inayoingia moja kwa moja uani kwake, nisikanyage kwa mtu mwingine. Ilikuwa inachekesha, mtu kupanga hivyo na mama yake mzazi, na tulicheka. Lakini ilifanya kazi. Presha ilishuka. Alianza hata kunitania kwenye simu: "Njoo, sijamwona mpishi wa misiba wiki hii."

Jumamosi moja nilikuwa sina zamu. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, umeme Kisondela haukuwepo, na simu ya mama ilikuwa haipatikani tangu juzi yake. Vidonge vyake vilikuwa vinaisha, nilijua maana mimi ndiye ninayevinunua. Nilipiga, nikapiga tena. Nikampigia na jirani yake, hola, naye hapatikani. Nikakaa na ile pakiti ya dawa mkononi nikijiuliza kama niende bila kupiga simu au nimwache akose dawa. Ningesubiri mpaka lini? Nikavaa gauni la kawaida, sweta na buti za mvua, nikachukua bodaboda.

Njia ya juu ilikuwa imekatika. Udongo ulikuwa umeshuka na migomba yake mpaka katikati. Kijana wa bodaboda akageuza tukapita chini, na tulipofika karibu na kwa jirani pikipiki ikateleza, tukaenda chini wote wawili. Hatukuumia. Nilikuwa tope mpaka kifuani. Jirani alikuwa amesimama barazani kwake, ameona yote, akaniita niingie ninawe. Huyu ni mama aliyeolewa mwaka mmoja na mama yangu, wamezaa pamoja, wamezika pamoja. Kumkatalia nisingeweza.

Aliniletea maji ya uvuguvugu kwenye beseni. Nilinawa kichwa kimeinama, nimechoka, taya zinauma kama kawaida.

"Mama yupo?" nilimwuliza.

"Yupo."

"Anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini. Alinipa kanga kavu ya kujifunga. Hakuniuliza kitu. Mimi nikashukuru moyoni kwamba ameniacha bila maswali, nikatoka.

Baadaye alinieleza alichofikiri, naye alikuwa analia. Aliona nimekuja siku ambayo si ya kawaida yangu. Aliona nimeanzia kwake. Aliona nimenyamaza, nauliza hali ya mama kwa sauti ndogo. Akasema moyoni, marehemu safari hii ni ndugu yake, ndiyo maana ameshindwa kulitamka. Na jirani mwenye adabu hamlazimishi mleta habari kutamka. Basi akafanya kilichompasa. Nilipokata kona tu, akawaita wenzake.

Mama nilimkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni, anatoa maharage mabichi kwenye maganda. Aliponiona alisimamisha mikono.

"Mama, simu yako haipatikani," nilisema haraka. "Nimeleta dawa tu. Wote ni wazima. Umelalaje?"

"Tumelala," alisema. Akatabasamu, akanitazama lile tope na ile kanga. "Hiyo kanga si ya jirani?"

"Nimeanguka na pikipiki, nikanawa kwake."

Nilikaa kwenye ngazi nikaanza kumsimulia nilivyoanguka, nikiongeza chumvi ili acheke. Alikuwa ameanza kucheka. Akaja mwanamke mmoja, akasalimia, akakaa pembeni ya mama. Akaja mwingine na mwanawe wa kike mkubwa. Halafu jirani mwenyewe, kitenge kimefungwa kiunoni, akakaa nyuma ya mama karibu kabisa, magoti yakimgusa mgongo. Hakuna aliyesema alichokuja kufanya. Wote walinitazama mimi.

Nimeona wanawake wakiingia hivyo kwenye nyumba nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Nilijua wanachofanya kabla mama hajajua, na nilisimama. "Hapana," nilisema. "Hapana, jamani, hakuna kitu. Nimeleta dawa." Niliitoa ile pakiti nikawaonyesha. Wakanitazama kwa huruma, kama mtu anavyotazamwa akishindwa kazi yake.

Mama aliweka ganda la maharage chini. Aligeuka akamwona aliye kulia kwake, akamwona aliye kushoto, akahisi magoti mgongoni.

"Yupi?" aliniuliza.

"Mama, hakuna. Nakuapia."

"Umeanzia kwa jirani. Niambie ni yupi."

Nilimshika mikono, nikamwambia nitampigia kaka sasa hivi aongee naye, amsikie. Umeme ukikatika pale uani mtandao hakuna, lazima upande mpaka karibu na kanisa. Nilikimbia na buti zangu zikiteleza. Simu ya kaka ilikuwa haipatikani. Alikuwa kwenye milima huko, anashusha lori kwa gia ndogo, mzima wa afya. Ya mdogo wangu ililia mpaka ikakata. Alikuwa juu ya ukuta anapandisha tofali, simu iko kwenye koti chini. Nikapiga tena zote mbili. Nilisimama pale kwenye mvua nikipiga, na nikasikia kutoka chini sauti ya kwanza ya kilio. Aliianza mwanamke mmoja, wengine wakaipokea. Waliniona nimekimbia. Kwao hilo lilikuwa jibu.

Niliporudi mama alikuwa amelala mikononi mwa jirani. Walimdaka vizuri, hata kichwa hakikugusa chini. Mdomo ulikuwa umevutwa upande, na mkono wa kulia ulikuwa umelala kwenye maharage kama si wake. Nikapiga kelele wanyamaze. Hawakunyamaza. Nilipiga kelele ya kiaskari, ile ya kwata, wakalia zaidi, maana walidhani nami nimezidiwa na msiba.

Tulimpeleka Tukuyu kwa gari dogo la maparachichi, amelazwa juu ya magunia, mimi nimemkinga mvua kwa kanga ya jirani. Hospitali walisema kiharusi. Daktari alikuwa binti mdogo, aliniuliza kama kuna kitu kilimshtua. Nikamwambia alipata habari mbaya. Akauliza nani amefariki. Nikasema hakuna.

Kaka alipiga jioni, anauliza kwa nini simu zangu zote hizo. Nilimwekea mama simu sikioni, kaka akaongea naye kwa Kinyakyusa, akamwita, akacheka ili asikie kicheko chake. Mama alisikiliza amefumba macho. Mkono wake mzima uliipapasa simu. Kisha akanitazama, na kwa nusu ya mdomo iliyobaki akatoa neno, na nikaliinamia mara mbili ndipo nikalielewa.

"Mwingine?"

Mdogo wangu alifika asubuhi, saruji bado iko kwenye kucha. Mama alimshika uso. Kaka akageuza lori, akaja na nguo za safari. Mkuu wa kituo alikuja na juisi na sukari, akanishika bega, akasema nichukue wiki nzima, na alimaanisha. Pale barandani alitazama kofia yake, akasema kuna familia nyingine ya Kinyala inasubiri kupelekewa taarifa, kijana mpya ameshindwa, lakini asingenisumbua leo. Nilimwambia nitaangalia. Alipoondoka nilikaa kwenye benchi na sikujua ninaangalia nini.

Jioni niliingia wodini. Kaka alikuwa upande mmoja wa kitanda, mdogo wangu upande mwingine, kila mmoja ameshika mkono wake. Wanawe wote wa kiume wako hapo, wazima, anawagusa. Mimi nilisogeza kiti nikakaa miguuni. Nilikuwa nimeamua kwamba sitamsalimia. Sitamwuliza amelalaje wala anajisikiaje, sitasema neno lolote linalofanana na yale. Nitakaa tu karibu naye, aone nimekuja bure, sina habari yoyote.

Aliniona. Alimtazama kaka, akamtazama mdogo, akarudi kwangu, akasubiri. Nilikaa kimya. Nilijaribu kutabasamu. Akaendelea kunisubiri, na nilipozidi kunyamaza macho yake yakajaa maji, akaanza kulia kwa upande wa uso unaoweza kulia, na hakuacha kunitazama.

"Dada," mdogo wangu aliniambia taratibu, "toka kwanza."

Nikatoka.